Simu ilipigwa, fedha zikaenda: uchambuzi wa kisa cha ankara yenye akaunti ya tapeli

Usuli

Shirika linalozungumziwa hapa lina wafanyakazi wasiofika 30. Kwa zaidi ya miaka minne limekuwa likinunua vifaa kwa mzabuni mmoja. Ankara huja kwa baruapepe kila baada ya wiki chache, na malipo hufanywa kwa uhamisho wa benki. Majina, nchi, aina ya vifaa na kiasi halisi cha fedha vimeondolewa. Siku zimehesabiwa kuanzia tukio la kwanza, na siku ya 1 ilikuwa Jumatatu.

Idara ya fedha ilikuwa na watu wawili: mhasibu aliyeandaa malipo, na meneja wa fedha aliyeyaidhinisha kwenye programu ya benki ya simuni. Mwongozo wao wa fedha ulikuwa na kifungu kinachosema kwamba mabadiliko yoyote ya taarifa za benki za mzabuni lazima yathibitishwe kwa simu kabla ya kulipa. Kifungu hicho kilifuatwa neno kwa neno. Simu ilipigwa, mtu akapokea, akathibitisha, na fedha zikaingia kwa tapeli. Ndiyo maana kisa hiki kina mafunzo kuliko vile vya mtu aliyebonyeza linki kwa pupa: hapa watu walikuwa makini, na umakini wao tapeli alikuwa ameshauwekea hesabu.

Mlango ulifunguliwa kwa mzabuni

Siku ya 1, afisa mauzo wa mzabuni alipokea baruapepe kutoka kwa mteja wake mwingine, ambaye kisanduku chake kilikuwa tayari kimetekwa. Ndani yake kulikuwa na linki ya "hati ya pamoja". Linki ilimfikisha kwenye ukurasa wa kuingilia unaofanana kabisa na ule anaoutumia kila siku. Akaandika nywila, akaulizwa namba ya tarakimu sita iliyotumwa kwenye simu yake, akaiandika, na hati ikafunguka. Ilikuwa orodha ya bidhaa isiyo na maana yoyote kwake. Akaifunga na kuendelea na kazi.

Ukurasa ule bandia ulikuwa ukipitisha kila anachoandika kwenda kwenye ukurasa halisi papo hapo. Huduma halisi iliona nywila sahihi na namba sahihi, ikafungua mlango, na tapeli aliyekaa katikati akachukua alama ya kikao, yaani kile kitambulisho ambacho kivinjari hupewa baada ya kuingia ili mtu asiulizwe nywila kila dakika. Mwenye alama hiyo huhesabiwa kuwa ameshaingia. Haulizwi nywila, wala namba ya simuni.

Ndani ya saa moja tapeli alikuwa ameweka kanuni mbili za kuchuja barua katika kisanduku cha afisa mauzo. Ya kwanza ilituma nakala ya kila barua yenye neno "ankara", "malipo" au "akaunti" kwenda anwani ya nje. Ya pili ilichukua kila barua inayotoka kwa shirika linalozungumziwa hapa, ikaitia alama ya kwamba imesomwa, na kuihamishia kwenye folda ya milisho ya habari ambayo karibu hakuna mtu huifungua. Ya pili aliizima siku iyo hiyo, akaiweka akiba.

Halafu akatulia wiki tatu, akisoma. Alijua nani hulipa na nani huidhinisha, ankara hulipwa ndani ya siku ngapi, mhasibu huitwa "dada" na afisa mauzo, na salamu huanza na "Habari za kazi" bila nukta wala mkato. Alijua pia kwamba Ijumaa alasiri meneja wa fedha huwa njiani.

Mfululizo wa matukio

Siku ya 22, Jumatatu, mzabuni alituma ankara halisi. Kilikuwa kiasi kikubwa kwa shirika hilo, karibu sawa na mishahara yake ya miezi miwili.

Siku ya 23 tapeli aliiwasha ile kanuni ya pili, kisha akaandika kutoka kwenye kisanduku halisi cha afisa mauzo, ndani ya mazungumzo yale yale ya ankara:

"Habari za kazi dada. Ankara ya jana naomba isilipwe kwanza, wakaguzi wetu wanapitia ile akaunti ya zamani. Nitakutumia maelekezo ndani ya siku mbili. Samahani kwa usumbufu."

Barua hii haikuomba fedha, wala haikuwa na linki au kiambatisho. Ilitoka kwenye anwani ya kweli, ikapita vichujio vyote. Mhasibu alijibu "Sawa, nasubiri", na jibu lake likaishia kwenye folda isiyofunguliwa.

Siku ya 25, Alhamisi, ikaja barua ya pili. Safari hii ilitoka kwenye kikoa, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, kilichosajiliwa siku chache kabla, ambacho herufi m ya jina la mzabuni ilikuwa imebadilishwa kuwa r na n zilizobanana. Ukitaka kuona jinsi inavyopita machoni, soma haraka "karnpuni". Kwenye kioo cha simu, kwa herufi ndogo, watu wengi huona "kampuni". Isitoshe, programu nyingi za baruapepe za simuni huonyesha jina la mtumaji tu, na anwani hujitokeza pale jina linapoguswa. Mazungumzo yote ya nyuma yalikuwa yamenakiliwa chini ya barua, na "idara ya fedha" ya mzabuni imewekwa kwenye nakala, nayo kwa kikoa kile kile bandia, ili jibu lolote kwa wote libaki mikononi mwa tapeli.

Viambatisho vilikuwa viwili. Kimoja ni ankara ile ile ya Jumatatu, namba ile ile na kiasi kile kile, ila mistari mitatu ya taarifa za benki imebadilishwa. Kingine ni barua rasmi yenye nembo, mhuri na saini, ikieleza kuhamia benki nyingine. Saini ilikatwa kutoka kwenye mkataba wa zamani uliokuwa kisandukuni.

Mhasibu aliona mabadiliko, akasimama. Hapa alifanya maamuzi matatu, na kila moja lilikuwa na sababu.

Aliamua kupiga simu, kwa kuwa mwongozo ulimtaka apige. Namba alizozikuta chini ya barua rasmi zilikuwa mbili, ya mezani na ya mkononi. Akapiga ya mkononi. Aliyepokea alitaja jina la kampuni, akamwita dada, na baada ya kutajiwa namba ya ankara akasema, "Ndiyo, naiona hapa, ya Jumatatu. Akaunti ya zamani ndiyo hiyo wanaikagua." Mhasibu akamsomea namba mpya ya akaunti, naye akajibu "Ndiyo, ndiyo yenyewe."

Akaamua pia kutuma kwanza malipo madogo ya majaribio. Mazoea haya yalikuwepo kwa sababu mwaka uliotangulia tarakimu moja ilikosewa na fedha zikarudi baada ya siku kumi. Malipo ya majaribio yakaingia, "mzabuni" akathibitisha kwa baruapepe kwamba ameyapata.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kubadilisha kumbukumbu ya mzabuni kwenye orodha ya walipwaji, akiacha jina la mwanzo na kuweka akaunti mpya. Sababu yake ilikuwa usafi wa kumbukumbu: hakutaka mzabuni mmoja aonekane mara mbili.

Ijumaa, siku ya 26, saa tisa alasiri, malipo kamili yaliwekwa. Meneja wa fedha alikuwa njiani. Kwenye simu yake aliona jina la mzabuni anayemjua, kiasi anachokitarajia, na maneno "taarifa za benki zimethibitishwa kwa simu". Akaidhinisha.

Jumatatu, siku ya 29, tapeli aliomba malipo ya awali ya oda inayofuata kwa punguzo. Mhasibu aliyaandaa, yakabaki yakisubiri idhini.

Jumanne, siku ya 30, saa nne asubuhi, simu iliita. Alikuwa mtu wa madeni wa mzabuni, ambaye kisanduku chake hakikuguswa. "Dada, ile ankara yetu mbona kimya? Jana ndiyo ilikuwa mwisho."

Saa za mwanzo baada ya kugundua

Mhasibu alimwomba asikate simu, akafungua ankara mbili ubavuni kwa ubavu, na akaona akaunti mbili tofauti. Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichookoa kilichookolewa: hakujaribu kwanza kujiridhisha, kumwandikia afisa mauzo au kutafuta namna ya kueleza. Alikwenda moja kwa moja kwa meneja wa fedha, na katika dakika kumi benki ikawa kwenye simu. Namba ya benki ilitolewa kwenye mkataba wa kufungua akaunti, si kwenye ujumbe wowote wa siku hizo.

Benki iliomba vitu ambavyo kila mtu anayelipa angepaswa kuwa navyo karibu: tarehe na saa ya muamala, namba ya kumbukumbu, kiasi, akaunti iliyotoka na iliyopokea, jina la benki pokezi, na maelezo mafupi kwamba ni ulaghai. Neno hilo la mwisho lina uzito. Ombi la kurudisha fedha kwa sababu ya "makosa ya namba" hufuata njia ya kawaida inayochukua siku nyingi na husubiri ridhaa ya mpokeaji. Ombi la ulaghai huenda kitengo kingine, chenye uwezo wa kuwasiliana na benki pokezi na kuomba akaunti izuiwe.

Malipo ya oda inayofuata yalifutwa. Taarifa ya polisi iliandikwa siku iyo hiyo, na namba ya jalada ikapelekwa benki, kwa kuwa benki pokezi ilisema haiwezi kuendelea kuzuia fedha bila hati ya kisheria. Baruapepe zote zilihifadhiwa kama mafaili kamili, pamoja na vichwa vyake vinavyoonyesha njia iliyopitiwa. Barua iliyosambazwa kwa kubonyeza "tuma mbele" hupoteza taarifa hizo, na picha ya kioo haina kabisa.

Makosa mawili yaliipunguza kasi. Fundi wa kompyuta wa shirika alitumia nusu siku kuwabadilishia watu wote nywila, kwa dhana kwamba uvamizi uko kwao. Angetazama kwanza barua ya siku ya 23 ilitoka wapi, angejua kwamba aliyetekwa ni mzabuni. Kosa la pili lilikuwa la mzabuni mwenyewe. Alibadilisha nywila ya afisa mauzo akaona amemaliza. Kanuni za kuchuja zilibaki na vikao vilivyokwisha kufunguliwa havikufungwa. Kwa siku mbili mashirika yote mawili yalijadiliana kwa baruapepe kuhusu polisi, benki na kiasi kilichozuiwa, na tapeli akasoma kila neno.

Matokeo

Benki pokezi ilikuta theluthi moja ya fedha bado ipo na ikaizuia. Theluthi mbili zilikuwa zimetoka Jumatatu, zikagawanywa kwenye akaunti kadhaa. Mwenye akaunti ya kwanza alidai kwamba aliajiriwa mtandaoni kupokea na kupitisha fedha kwa kamisheni. Watu wa namna hiyo ni kiungo cha kawaida katika mnyororo huu, na mara nyingi ndio pekee wanaopatikana. Theluthi iliyozuiwa ilirudi baada ya miezi kadhaa.

Mzabuni alisisitiza kwamba bado anadai. Shirika likajibu kwamba uvamizi ulianzia kwake. Mwishowe walikubaliana kugawana hasara, kila mmoja akiwa na kinyongo, na biashara ikaendelea.

Wiki mbili baadaye shirika lilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wa kitengo cha ulaghai cha benki. Alijua kiasi kilichopotea hadi senti ya mwisho. Alisema fedha zimepatikana, ila inahitajika ada ndogo ya kuzifungua. Mhasibu alikata simu na kupiga namba ya kwenye mkataba. Benki haikuwa na habari hiyo. Aliyetapeliwa mara moja huwindwa tena, kwa kuwa majeraha yake yanajulikana na hamu yake ya kurudishiwa ni kubwa. Kitengo cha benki hakitozi ada ya kurudisha fedha zilizoibwa.

Uchambuzi: kila ukaguzi ulijibu swali jingine

Shirika lilifanya ukaguzi mara tano na ukapita mara tano. Swali lililohitaji jibu lilikuwa moja: je, akaunti hii ni ya mzabuni tunayemjua? Hakuna hata ukaguzi mmoja uliolijibu.

Simu ilijibu kwamba mwandishi wa barua ana simu. Namba ilitoka ndani ya hati ile ile inayotiliwa shaka, kwa hiyo tapeli alijithibitisha mwenyewe. Kifungu cha mwongozo kilisema "kwa simu" bila kusema namba itoke wapi, na pengo lote lilikuwa hapo. Isitoshe, mhasibu ndiye aliyesoma namba ya akaunti na mwenzake akasema ndiyo. Mtu anayeulizwa swali la ndiyo au hapana hahitaji kujua chochote.

Malipo ya majaribio yalijibu kwamba akaunti ipo na inapokea. Tapeli huyapenda, maana yanamtuliza mlipaji. Yanagundua tarakimu iliyokosewa, na kwa kazi hiyo yaendelee kutumika. Kwa ulaghai hayasaidii chochote, isipokuwa mzabuni athibitishe kuyapokea kupitia njia ambayo tapeli hayumo.

Nembo, mhuri na saini vilijibu kwamba mtu anazo hati za zamani za mzabuni. Yeyote aliye ndani ya kisanduku anazo.

Mazungumzo yale yale, yenye historia ya kweli, yalijibu kwamba barua imeandikwa na mtu aliyeisoma historia hiyo. Hapa barua ya siku ya 23 ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Ilitoka anwani halisi na haikuomba kitu, kwa hiyo haikuamsha shaka, ikapanda akilini mwa mhasibu wazo kwamba mabadiliko yanakuja na kwamba ni ya kawaida. Barua ya Alhamisi ilipofika, alikuwa akiisubiri. Ushauri wa "jihadhari na barua usizozitarajia" haugusi hali hii kabisa, kwa kuwa tapeli alihakikisha kwanza kwamba barua inatarajiwa. Vivyo hivyo ushauri wa kutafuta makosa ya tahajia: barua ya tapeli ilikuwa nadhifu kuliko za mzabuni mwenyewe.

Ukaguzi wa tano ni idhini ya meneja. Mfumo wa watu wawili una maana pale mtu wa pili anapoona kitu ambacho wa kwanza hakukiandaa. Meneja aliona jina lililobandikwa na mhasibu, siyo jina la mwenye akaunti, na hapakuwa na onyo kwamba namba ya akaunti imebadilishwa siku moja kabla. Aliidhinisha kazi ya mwenzake, basi.

Baadhi ya nchi zimeweka ukaguzi wa jina la mpokeaji ndani ya mfumo wa benki wenyewe. Uingereza ilianza 2020, na katika ukanda wa euro ukawa lazima kuanzia Oktoba 2025: mlipaji anaambiwa kabla ya kutuma kama jina na namba ya akaunti vinaoana. Ni kinga nzuri na watu wasipuuze onyo lake. Haitoshi peke yake, kwa sababu matapeli hufungua akaunti zenye majina ya biashara yanayokaribiana na ya mhanga, na kwa sababu mlipaji aliyeshaelezwa kwamba "tunatumia akaunti ya kampuni tanzu kwa muda" hubonyeza endelea.

Wapo watakaosema haya ni ya mashirika madogo yasiyo na wataalamu. Kati ya 2013 na 2015, Google na Facebook zililipa kwa pamoja zaidi ya dola milioni 120 kwa ankara za mtu aliyejifanya kampuni ya vifaa waliyokuwa wakifanya nayo biashara kweli. Alihukumiwa Marekani mwaka 2019 kifungo cha miaka mitano. Mbinu ni ile ile, tofauti ni tarakimu.

Kilichofanya kazi

Kuripoti mara moja kulitokana na jambo lililofanyika kabla. Miezi michache nyuma mfanyakazi mwingine aliripoti kwamba amebonyeza linki mbaya, na mkurugenzi akamshukuru mbele ya wenzake. Mhasibu aliliona hilo. Katika ofisi ambamo anayekosea hudhalilishwa, dakika zile kumi zingekuwa siku mbili za kuhangaika kimyakimya, na theluthi iliyozuiwa isingekuwepo.

Kutunza mkataba wa benki mahali panapojulikana kulisaidia pia. Wengi katika hali hiyo hutafuta namba ya benki kwenye mtandao kwa mikono inayotetemeka na kuangukia tangazo la tapeli mwingine.

Yaliyobadilishwa

Kifungu cha mwongozo kiliandikwa upya. Sasa kinasema hivi kwa ufupi:

1. Anayepokea ombi la kubadilisha taarifa za benki hajibu barua hiyo. Hufungua kadi ya mzabuni, iliyojazwa siku mkataba uliposainiwa na kutunzwa na mtu asiye wa idara ya fedha, na kupiga namba iliyo humo.
2. Mpigaji hasomi namba yoyote. Anamwambia mzabuni asome tarakimu nne za mwisho za akaunti ya zamani, kisha akaunti mpya yote. Zisipooana na zilizo kwenye ombi, malipo yanasimama.
3. Ombi la kubadilisha namba ya simu huhesabiwa kuwa zito sawa na la kubadilisha akaunti. Yakija yote mawili ndani ya mwezi mmoja, uthibitisho unafanywa na watu wawili wa mzabuni, kila mmoja kwa namba yake ya zamani.
4. Akaunti mpya hailipwi kabla ya siku mbili za kazi kupita. Mwidhinishaji huona tarehe ya mabadiliko, akaunti ya zamani na mpya, na jina la aliyezungumza na mzabuni.
5. Aliyebadilisha kumbukumbu ya mlipwaji haandai malipo ya kwanza kwenda kwake.

Hatua ya pili inaonekana ndogo, lakini ndiyo yenye makali. Kwa kumfanya mwenzako aseme badala ya kukubali, unamtaka awe na taarifa, na tapeli aliyebahatika kupokea simu anaweza kukwama hapo. Na kwa kuwa ni wewe unayepiga, kwenda namba ya zamani, sauti ya kuigiza kwa kompyuta haina nafasi kubwa. Jambo hilo si la kufikirika: mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alituma takriban dola za Marekani milioni 25 baada ya mkutano wa video ambamo wakubwa aliowaona walikuwa wametengenezwa. Aliwaona na kuwasikia. Asichofanya ni kukata na kumpigia mmoja wao mwenyewe.

Mzabuni kwa upande wake alifanya usafi ambao ungefanyika siku ya kwanza. Utaratibu ni huu kwa yeyote anayeshuku kisanduku chake: funga vikao vyote vilivyo wazi kwenye vifaa vyote, badilisha nywila, futa kanuni za kuchuja na anwani za kupelekea nakala ambazo hukuziweka, angalia programu za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma barua, kisha hakiki namba ya simu na baruapepe ya kurejeshea akaunti. Programu yenye ruhusa inaweza kuendelea kusoma hata nywila ikibadilishwa, na hili husahaulika sana. Namba ya tarakimu sita aliibadilisha kwa funguo za kuingilia zilizofungwa na tovuti halisi. Ufunguo wa aina hiyo hukataa kufanya kazi kwenye kikoa bandia hata kama macho ya mtumiaji yamedanganyika, na hapo ndipo unapozidi namba inayoandikwa kwa mkono, ambayo mtu anaweza kuipeleka popote.

Wafanyakazi wengine waliuliza kinachowahusu wao nyumbani. Ujumbe wa "Mama, simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya, nitumie fedha haraka" umejengwa kwa mbao zile zile: njia mpya ya mawasiliano inaletwa na mtu yule yule anayeomba fedha. Namba ya zamani ipigwe kwanza. Isipopokelewa, apigiwe mtu mwingine anayekaa naye. Na neno la siri la familia, lililokubaliwa ana kwa ana na lisiloandikwa kwenye simu, hugharimu dakika moja.

Lililobaki wazi

Wazabuni wadogo wa shirika wana namba moja tu ya mkononi, na namba moja inaweza kuhamishiwa kwenye laini nyingine na tapeli aliyemdanganya wakala wa simu. Kwao, kadi ya mzabuni ina pengo. Shirika liliamua kwamba mzabuni wa namna hiyo akibadilisha akaunti, afike mwenyewe ofisini na kitambulisho, au ankara yake ilipwe kwenye akaunti ya zamani hadi aje. Wawili walilalamika kwamba wanacheleweshewa. Ankara zao zililipwa kwa kuchelewa siku nne, na shirika likakubali kubeba gharama ya ucheleweshaji huo.